Chumvi ya Kila Nyumba

Vijana wa idara mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kupima maji. Nimestaafu, mgongo umechoka, na mkono huu ulioshika chupa tangu kabla ya vita vya pili haupendi kalamu. Lakini mmeniomba kwa adabu, na mmoja wenu alikuja na sukari, kwa hiyo nitaandika. Msitarajie habari za vyeo. Vyeo vilichelewa kuja, na vilipofika sikuona vimebadilisha chochote kwenye maji.

Mimi ni mtu wa Mbwawa. Nilisoma shule ya serikali kiasi cha kujua kuandika na kuhesabu, kisha nikapelekwa Kisarawe, nyuma ya boma, kwenye chumba kimoja cha bati chenye joto la kuivisha mkate. Ninyi mnakiita maabara. Sisi tulikiita chumba cha chupa, maana ndicho kilichokuwemo: chupa, chupa, na chupa. Mkubwa wa chumba alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mwembamba aliyevaa koti hata jua linapowaka, na aliyejifunza Kiswahili sokoni Dar es Salaam, hivyo alikuwa hodari zaidi wa kukataa bei kuliko wa kuamkia.

Siku ya kwanza sikupima kitu. Nilipewa chupa za kuosha. Niliziosha kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana, nikazipanga mezani zikang'aa. Bwana Pinto akachukua moja, akatia maji kidogo ya mvua aliyoyatunza kwa kazi hiyo, kisha akadondosha dawa kutoka kwenye kichupa cha kahawia. Maji yakaingia ukungu mweupe.

"Umeisuuza vipi?" akauliza.

"Nilitia maji, nikaziba kwa kidole gumba, nikatikisa."

"Basi hilo ni jasho lako. Osha zote upya."

Nikaziosha upya. Mchana ule nilijua kwamba mtu mwenyewe ni chumvi, na kwamba kazi niliyoipata ni ya kukaa mbali na kitu ninachokipima. Mpaka leo nikimwona kijana anatia kidole mdomoni mwa chupa, namnyang'anya nikaiosha mwenyewe.

Bwana Pinto hakuwa mwalimu wa kuita watu darasani. Alikuwa akifundisha huku anafanya kazi, amekupa mgongo. Alinieleza kwamba chumvi ya jikoni ni ndoa ya vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni balaa. Sodiamu ni metali laini inayoweza kuwaka moto ikigusa maji. Klorini ni hewa ya sumu iliyoua askari katika vita vile vya kwanza. Vikioana, unapata kitu cha kutia kwenye mchuzi. Ila ukiitumbukiza chumvi majini, ndoa inavunjika. Sodiamu inaondoka imepungukiwa elektroni moja, klorini inaondoka na elektroni ile ile, na kila upande unaelea peke yake. Hizo ndizo ayoni. Huzioni, na kitambaa hakizichuji. Hata ukichemsha maji zinabaki mle mle. Njia ya kuzijua ni kuzitafutia mwenzi mwingine, na dawa ya kwenye kichupa cha kahawia ilikuwa na ayoni za fedha. Klorini ikiiona fedha inaikamata, na vyote viwili vinakuwa unga mweupe unaozama chini. Maji yakibaki maangavu, hakuna chumvi. Yakiwa kama maziwa, ipo, na kazi inayobaki ni kujua ni kiasi gani.

Ukutani alitundika jedwali la elementi lililoliwa na mchwa pembeni. Nilidhani ni kalenda. Akanionyesha kwamba safu zinazoshuka ni kama koo: walio kwenye safu moja wanafanana tabia, kwa hiyo ukimjua klorini, ndugu zake bromini na iodini hawatakushangaza sana. Safu ya mwisho kulia ilikuwa ya hewa zisizooana na kitu chochote. Bwana Pinto hakuwahi kuoa, na safu hiyo alikuwa akiipita haraka.

Ile dawa ya fedha ina ubaya mmoja. Ikikugusa, haionekani; ukitoka juani ngozi inakuwa nyeusi, na hakuna sabuni itakayokusaidia. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Nilipokuwa nikipita vijijini na baiskeli, wanawake walinicheka waziwazi. "Bwana Piko huyo! Harusi lini?" Kwetu bibi harusi ndiye anayepakwa piko, si mwanamume mwenye ndevu. Mwanzoni niliona haya, nikaficha mikono mifukoni. Baadaye nilichoka kuificha, nikawa najibu kwamba harusi ni kesho na wao ndio wapishi. Jina likanibakia. Kuna watu Kisarawe ambao hawajui jina nililopewa na baba yangu.

Kesi nyingi hazikuwa na makuu. Naikumbuka moja ya Mkuza. Mama mmoja alitukaribisha chai, ikaja nyeusi kama wino. Aliona aibu mpaka machozi, akawa anaapa kwamba sufuria amesugua na majani ni mapya. Bwana Pinto alinusa, akainywa yote, akaomba ya pili. Maji ya kile kisima yalikuwa na ayoni za chuma, na chuma kikikutana na majani ya chai hutoa weusi ule ule wa wino wa kuandikia. Mama alipoambiwa kwamba kosa si la mikono yake alimwita jirani yake aliyekuwa akimsema ili aje asikie na yeye. Kumbukeni hilo mnapoandika majibu yenu. Mnadhani mnapima maji, kumbe kuna mtu pale anapimwa.

Baada ya vita walikuja wazungu wa mawe, na kisanduku kilichokuwa kikilia tik, tik, tik kila kilipokaribia mwamba fulani. Walikuwa wakitafuta urani. Nilimwuliza Bwana Pinto kisanduku kinasikia nini. Akasema baadhi ya atomu ni nzito mno, haziwezi kujibeba, zinavunjika zenyewe. Hazingoji moto wala nyundo. Kila inayovunjika inatoa mlio mmoja mle, na yenyewe inahama chumba kwenye jedwali, inakuwa elementi nyingine, mpaka siku moja inafika kwenye ile metali ya risasi na kutulia. Unaweza kusema ni muda gani utapita nusu yake iwe imekwisha, kisha muda ule ule nusu ya iliyobaki, lakini huwezi kuinyooshea kidole atomu moja ukasema hii ndiyo inayofuata. Nilimwambia hiyo naijua, ndivyo idara inavyopunguza wafanyakazi. Alicheka, jambo ambalo hakulizoea, akakohoa mpaka jioni.

Sasa niwape habari ya Masaki, hii yetu ya Kisarawe, maana najua ndiyo mliyoitaka, na kila anayeisimulia anaikosea.

Ilikuwa karibu na mwisho wa utumishi wa Bwana Pinto. Idara ilikuwa imebakiwa na pampu moja ya mkono kwa upande ule, na ingekwenda kwenye kisima kitakachofaulu kipimo. Watu wa Masaki walikuwa wakiteka maji bondeni, njia ya mteremko kwenda na mlima kurudi, na ndoo kichwani. Mjane mmoja, Bi Mwantumu, akajitolea kiwanja nyuma ya nyumba yake. Mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa pale pale mahali ambapo fundi wa visima alisema pana maji, naye akaruhusu ikatwe. Shemeji yake, Mfaume, alikataa katakata. Alisema mbele ya watu kwamba mikorosho ni jasho la ndugu yake, na kisima kikishindwa, shamba lililobaki atalichukua yeye, kwa kuwa itakuwa imeonekana kwamba mwanamke huyu hajui kutunza mali. Bi Mwantumu alimwambia fundi achimbe.

Fundi alikuwa Mzee Kondo, mtu mfupi aliyekuwa akishuka visimani tangu ujana wake na kupanda amejaa udongo mpaka kwenye kope. Alichimba, maji yakapatikana, tukaitwa.

Tulipofika mara ya kwanza chupa zetu zote zilikuwa zimevunjika kwa mashimo ya njiani. Hatukuweza kuchukua maji ya kupima, ikawa ni kutazama tu. Kijiji kizima kilikuwa pale. Bwana Pinto akapewa kata, akaonja, akayazungusha mdomoni, kisha akasema kwa sauti kubwa, kwa furaha ya kweli kabisa:

"Maji haya! Wilaya nzima sijaona maji mazuri kama haya!"

Hakuna aliyeitikia. Mwanamke mmoja alishusha kanga yake akafunika ndoo. Nikasema "Mashaallah" kwa niaba ya Bwana Pinto, lakini neno hilo likitoka kinywa kingine, tena limechelewa, halina nguvu. Mgeni alikuwa amekisifia kisima kipya bila kumtaja Mungu. Bwana Pinto aliona watu wamenyamaza akadhani wameguswa na sifa.

Tulirudi baada ya siku chache na chupa nzima, tukachukua maji, tukayapeleka chumbani. Nilipotia dawa, yalikuwa maziwa matupu. Tukapima sawasawa kwa mrija wa mistari, tone kwa tone, mpaka rangi ya njano ya dawa ya pili tuliyotia ikageuka kuwa ya matofali. Chumvi ilikuwa juu ya kipimo kilichowekwa, tena mbali sana. Bwana Pinto alivua miwani, akaifuta, akasema turudie. Tukarudia. Alikaa kitini na kusema, "Ulimi wangu umezeeka." Sikuwahi kumwona amenyong'onyea hivyo.

Tukaenda kuwaambia. Bi Mwantumu alikuwa amesimama kizingitini, na watu wamejaa uani.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu. Uso wako umeshasema."

Nikasema. Mzee Kondo akaruka. "Chumvi? Mimi nimeyanywa haya maji nikiwa chini, siku ya kwanza! Yalikuwa matamu!"

"Yalikuwa matamu," Mfaume akasema taratibu. "Waambieni basi kilichotokea. Au mnataka niseme mimi?"

Wanawake wakatazama chini. Bi Mwantumu akasema mwenyewe.

"Tulitia chumvi."

"Wapi?" Bwana Pinto akauliza.

"Kisimani. Bwana, wewe ulikisifia. Ulikisifia kweli kweli, na watu wa kila upande wamesimama. Tukaogopa jicho. Nikapita nyumba hadi nyumba, kila nyumba ikatoa gao la chumvi, la kujaa kiganja, tukalitupa mle. Kila nyumba, ili asibaki mtu mwenye kinyongo. Ndivyo tunavyofanya kwetu."

Bwana Pinto alinigeukia nimfafanulie, nikamfafanulia. Aliposikia kwamba ni maneno yake, alivua kofia akawa anaishika tu kwa mikono miwili. Mfaume naye alikuwa anawaambia watu, si sisi: "Mwanamke huyu amekiua kisima kwa mkono wake mwenyewe. Mikorosho imekwenda, na maji yamekwenda." Na wale waliotoa chumvi pamoja na Bi Mwantumu, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema na mimi nilitia. Hilo liliniuma. Walimwachia mzigo wote yeye.

Nikasema chumvi iliyotiwa inaweza kutolewa. Haifi wala haioti mizizi. Tukiteka maji yote, kisima kikajaa upya, tukateka tena, kila mara inayobaki itapungua, na mwishoni yatabaki maji yenyewe. Ilikuwa elimu sahihi, na niliisema kwa moyo mmoja. Niliona mabega ya Bi Mwantumu yakishuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mtungi.

Siku tuliyokubaliana walikuja wote. Wanaume walivuta kamba, wanawake walipokezana madebe na kumwaga maji mbali, upande wa mihogo. Hata Mfaume alivuta kamba, nafikiri ili asiambiwe kwamba alizuia. Kila kisima kilipojaa upya nilichukua maji kidogo nikadondosha dawa, na wote wakaja kuangalia bilauri. Mara ya kwanza maziwa. Tukateka. Mara iliyofuata mepesi zaidi, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati. Tukateka. Yakapungua tena. Watu walikuwa wanaimba. Bi Mwantumu hakuimba, yeye alikuwa anaitazama bilauri tu.

Kisha weupe ukagoma kupungua. Tuliteka, ukabaki vile vile. Tukateka tena, vile vile. Nyimbo zikaisha moja moja. Mfaume akaachia kamba. "Chumvi ya mkono wake imeshalowea kwenye udongo," akasema. "Haitoki hiyo."

Bwana Pinto ndiye aliyelipata wazo. Akamwomba Mzee Kondo ashuke wakati kisima kikiwa kimekauka, asiguse maji ya chini, bali atafute mahali ukutani maji yanapochuruzika, juu kabisa ya mahali ambapo maji ya kisima yamewahi kufika, na aikingie chupa pale pale kwenye ufa. Mzee Kondo alikaa mle muda mrefu. Tulimsikia akimwomba Mungu na kulilaani goti lake kwa zamu. Alipopanda, chupa ilikuwa imejaa nusu, na kidole chake kilikuwa mbali na mdomo wa chupa, kwa sababu nilikuwa nimempigia kelele tangu juu.

Nilisuuza bilauri kwa maji hayo hayo, nikatia yaliyobaki. Nikadondosha dawa. Weupe ukashuka taratibu mpaka chini, ule ule, si pungufu.

Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na nilikuwa nimewapa tumaini mimi mwenyewe. Bi Mwantumu alisogea akasimama karibu nami.

"Hii ni ile chumvi yetu?"

"Hapana, Bi Mwantumu. Maji haya hayajaingia kisimani. Yametoka kwenye ufa. Chumvi hii imo ardhini tangu hatujazaliwa, mimi na wewe."

"Na alivyoonja fundi, na alivyoonja bwana huyu?"

"Walionja kwa ulimi. Ulimi uliozoea maji ya bondeni unaona kila maji ni matamu. Na maji ya kwanza huenda yalikuwa ya mvua zilizopita."

Akafikiri. "Kwa hiyo hata tusingetia?"

"Hata msingetia. Kisingefaulu."

"Hata huyu bwana asingesifia?"

"Hata asingefungua mdomo."

"Basi sema kwa sauti," akasema. "Mfaume asikie. Wote wasikie. Usiseme kwa kunong'ona kama mtu anayetoa habari za msiba."

Nikapanda juu ya rundo la udongo. Nikasema kwamba kisima cha Masaki hakifai, kwamba pampu haitakuja, itapelekwa kwingine, na kwamba chumvi iliyomo ni ya ardhi, haikutiwa na mkono wa mtu. Nilisema hakuna aliyekosea, si aliyetoa kiwanja wala waliotia chumvi. Nilirudia sehemu hiyo, nikiwa namtazama Mfaume, na Bwana Pinto akapanda akasimama kando yangu akasema ndiyo, ni kweli, naye anatia sahihi. Mfaume aliviangalia visiki vya mikorosho, akaanza kuikunja kamba. Suala la shamba sikulisikia tena siku ile wala baadaye.

Bi Mwantumu alikaa chini pale pale kwenye tope, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia kwa ajili ya maji. Nilipoinama nikasikia anasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi."

Nimepeleka majibu mabaya sehemu nyingi, kutoka Mbwawa hadi Masaki. Nimetukanwa, nimeliliwa, na mzee mmoja aliwahi kunifungulia mbwa. Aliyeshukuru ni yeye peke yake. Nilikuwa nimemnyima maji, yeye na kijiji kizima, na alinishika mkono huu mweusi kwa mikono yake miwili akashindwa kuuachia.

Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na majumbani hamkuwa na maji ya kupikia, kwa kuwa kutwa nzima watu walikuwa wakimwaga. Wanawake wakaokota ndoo zao. Mmoja wao, yule aliyepiga kigelegele, akasema bila kumtazama mtu, "Na mimi nilitia gao langu." Mwingine akasema na yeye alitia. Bi Mwantumu akainuka, akakung'uta tope kwenye kanga, akachukua ndoo yake akajiunga nao, wakashika njia ya kuteremka bondeni.